Kazi za Mikono: Motokaa za Safari na Matope Yake

Watu watengenezao motokaa za mfano, yaani zile ndogo zinazofanana na motokaa za kweli katika kila kiungo, wana ubishi wao wa siku nyingi, nao hauhusu gundi wala rangi. Wengine husema kwamba mfano uliokamilika yafaa ung'are kama motokaa inayongoja mnunuzi dukani. Wengine hushikilia kwamba motokaa ni chombo cha kazi, na chombo cha kazi kisichokuwa na alama ya kazi ni uongo. Kwa motokaa nyingi ubishi huo ni wa kupitisha wakati tu, na kila mtu aweza kufuata njia aipendayo. Lakini iko aina moja ya motokaa ambayo fundi wake hana budi kuchagua, nayo ni motokaa ya mashindano ya Safari.

Mashindano hayo yalianzishwa mwaka wa 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakaitwa Coronation Safari, na njia yake ikapita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka wa 1960 jina likabadilishwa likawa East African Safari. Kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, na Pasaka, kama mkulima yeyote ajuavyo, huangukia penye mvua za masika. Mwaka wa 1963 motokaa 84 ziliondoka, na 7 tu ndizo zilizofika mwisho. Mwaka wa 1968 ziliondoka 93, zikafika 7 vile vile. Katika miaka yote miwili washindi walikuwa Bwana Nick Nowicki na Bwana Paddy Cliff, wakiendesha Peugeot 404. Basi mtu akiunda mfano wa Peugeot ile na kuuweka mezani ukiwa safi kama sahani, ameonyesha nini? Ameonyesha Peugeot. Safari hakuionyesha.

Watengenezaji wa vitu vya watoto huko Uingereza walilitambua jambo hili mapema, ijapokuwa kwa namna yao. Kampuni ya Corgi, iliyoanza kuuza motokaa zake ndogo za chuma mwaka wa 1956, ilitoa mwaka wa 1965 Volkswagen ya Safari, nambari 256 katika orodha yake, na ndani ya kisanduku, pamoja na motokaa, mlikuwa na kifaru. Volkswagen zilikuwa zimekwisha kushinda Safari mwaka wa 1954, wa 1957 na wa 1962, kwa hiyo heshima hiyo ziliistahili. Kifaru hakuwamo katika orodha ya washindani, bila shaka, ila aliwafahamisha watoto wa London na Manchester kwamba motokaa ile haikuwa ya kwendea kanisani. Hata hivyo mfano wa namna hiyo hutoka kiwandani umekwisha. Chuma laini cha zinki huyeyushwa, hutiwa katika kalibu, hupakwa rangi, na mtoto hana la kuongeza ila kuusukuma sakafuni. Kazi inayozungumzwa hapa ni nyingine: ni ile ya sanduku la vipande vya plastiki ambavyo mtu mwenyewe hukata, hupiga msasa, huunganisha na kupaka rangi, kisha hukaa juma zima akitafuta jinsi ya kufanya mkanda wa kiti.

Kabla ya kufika kwenye matope yafaa kipimo kieleweke, kwa kuwa makosa mengi huanzia hapo. Motokaa za kuunganisha kwa kawaida huwa za kipimo cha 1 kwa 24, yaani urefu wa inchi 24 katika motokaa ya kweli huwa inchi 1 katika mfano. Kipimo hiki chatoka katika hesabu za Kiingereza: nusu inchi kwa kila futi moja. Wamarekani wengi hutumia 1 kwa 25, na tofauti ni ndogo hata jicho haliioni ila motokaa mbili zikikaa bega kwa bega. Zile za chuma za kuchezea hukaribia 1 kwa 43, na nambari hiyo ya ajabu ilitoka katika magari ya moshi ya kuchezea, ambayo mafundi wake huko Uingereza walipima milimita 7 kwa kila futi. Motokaa ziliwekwa kando ya reli hizo ndogo ili kuupamba mji, kisha zikapendwa zenyewe, zikabaki na kipimo chao hata nyumbani mwa watu wasiokuwa na reli.

Kipimo ni sheria, na sheria hiyo haina upendeleo. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, Datsun 240Z ina milimita 2,305. Mfano wake hauna budi kuwa na 96. Hilo kiwanda hulitimiza. Lakini waya wa kupeleka umeme kwenye plagi, ambao katika motokaa ya kweli una unene wa milimita 7 hivi, katika mfano huwa sehemu tatu za kumi za milimita moja, na hapo kiwanda hakimsaidii mtu. Tena, rangi iliyopakwa kwa brashi nzito ikafikia unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ni sawa na kuipaka motokaa ya kweli rangi yenye unene wa zaidi ya milimita 2. Milango isingefunguka. Ndiyo sababu mafundi hupulizia rangi badala ya kuipaka, nao hupulizia tabaka nyembamba mara tatu au nne, wakingoja kila moja ikauke. Mwenye haraka hujulikana kwa kutazama tu pembe za milango, maana mifereji yake huwa imejaa rangi.

Hiyo Datsun 240Z yastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndiyo motokaa ya Safari ambayo wapenzi wa mifano huiunda mara nyingi. Mwaka wa 1971 Bwana Edgar Herrmann na Bwana Hans Schüller walishinda Safari katika 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi na nambari 11 mlangoni. Wa pili walikuwa Bwana Shekhar Mehta na Bwana Mike Doughty, nao katika 240Z nyingine. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1973, Bwana Mehta alishinda katika motokaa ya aina hiyo hiyo pamoja na Bwana Lofty Drews, baada ya kulingana alama sawasawa na Bwana Harry Källström, hata ikabidi kanuni za mashindano zitumiwe kuamua nani ni wa kwanza. Motokaa ile ya 1971 haikutupwa. Imehifadhiwa na kampuni ya Nissan katika nyumba yake ya kumbukumbu huko Zama, Japani. Na kampuni ya Hasegawa ya mji wa Yaizu, katika jimbo la Shizuoka, iliyoanzishwa mwaka wa 1941, imetoa sanduku la vipande vyake kwa kipimo cha 1 kwa 24, pamoja na alama za kubandika za ushindi ule.

Anayelifungua sanduku kama hilo kwa mara ya kwanza huona vipande vingi vidogo vilivyoshikana na viunzi vya plastiki kama matunda katika tawi, na mkono wake humwambia avikonyoe. Asifanye hivyo. Kipande hukatwa kwa koleo kali, mbali kidogo na mwili wake, kisha kikonyo kilichobaki huondolewa kwa kisu na msasa. Vipande huoshwa kwanza katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, maana hutoka katika kalibu vikiwa na mafuta, na rangi haishiki penye mafuta. Kila viwili vinavyokutana hujaribiwa vikiwa vikavu kabla ya gundi. Gundi yenyewe si ile ya karatasi: ni dawa inayoyeyusha plastiki, ili pande mbili ziwe kitu kimoja, kama chuma kinavyounganishwa kwa moto. Tone moja likimwagika juu ya mlango, mlango hupata kovu ambalo msasa wa siku mbili hautalimaliza. Na kwa kuwa mvuke wake si mzuri kwa kifua, kazi hufanywa penye dirisha lililo wazi.

Rangi ya kwanza ni ya kijivu, na faida yake si kushika rangi ya pili peke yake. Kijivu hufichua. Mkwaruzo ambao haukuonekana juu ya plastiki nyeupe huonekana mara moja, na mshono wa kalibu unaopita juu ya paa kama mstari wa wino hujitokeza wazi. Mafundi wazuri hupiga kijivu, husugua, hupiga tena, na hawaoni aibu kurudia mara tano. Boneti nyeusi ya Datsun haipewi mng'aro hata kidogo. Katika motokaa ya kweli weusi huo ulikuwa na kazi: ulizuia jua lisirudi machoni mwa dereva. Fundi anayeipaka vanishi ing'arayo ameharibu kusudi la boneti yenyewe, hata kama mkono wake ni mwepesi namna gani.

Sasa huja kuongeza yale ambayo kiwanda hakikuyaweka. Masanduku mengine yana injini kamili, na mengine boneti yake imefungwa daima, hata hakuna haja ya kuwaza yaliyo chini yake. Penye injini, waya sita za plagi hufanywa kwa nyuzi nyembamba za shaba zilizotolewa katika waya wa umeme wa zamani, nazo hupindwa jinsi waya halisi zinavyolala, si kunyooshwa kama nyuzi za zeze. Mikanda ya viti hukatwa katika utepe au karatasi nyembamba yenye upana wa milimita 2 hadi 3. Vipande vya mpira vya kuzuia matope nyuma ya magurudumu hukatwa katika mpira wa ndani wa baiskeli uliokunwa ukawa mwembamba. Wengine hutumia karatasi nyeusi, lakini karatasi hukaa wima kama askari, na mpira huning'inia. Kitu kidogo kama hicho ndicho kinachomfanya mtazamaji asogeze uso karibu.

Motokaa imekwisha, nyekundu, na alama zake zimebandikwa. Wengi husimama hapo. Anayetaka kuionyesha Safari ndipo anapoanza kazi iliyo ngumu kuliko zote, naye huifanya kwa hofu, maana matope yakikosewa yameharibu mwezi mzima wa kazi.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba matope ni rangi ya kahawia inayopuliziwa kila mahali. Matope yana njia zake. Gurudumu la mbele hurusha tope kwenda nyuma na juu, kwa hiyo sehemu ya chini ya mlango hupigwa sana, na michirizi yake hulala kuelekea nyuma, haishuki wima. Sehemu ya nyuma ya motokaa, ambayo mtu angedhani imesalimika, ndiyo ichafukayo kupita zote, kwa sababu upepo unapopita pande zote mbili hujizungusha nyuma na kuvuta vumbi lishike pale. Kioo cha mbele hubaki na mapindo mawili safi yaliyofutwa na waipa, na penye mipaka ya mapindo hayo tope hujikusanya kama ukingo wa mtaro. Taa na nambari ya gari huwa zimepanguswa kwa kitambaa, kwa kuwa dereva wa usiku hawezi kwenda bila taa, na wasimamizi hawawezi kuandika motokaa isiyosomeka nambari. Lakini hupanguswa kwa haraka, kwa mzunguko wa mkono mmoja, na pembe zake hubaki chafu. Penye kitasa cha mlango pana alama za vidole. Na mtu akifungua mlango, kizingiti kilichokuwa kimefunikwa na mlango huwa safi kuliko upande wa nje, kikiwa na mstari ulionyooka kati ya safi na chafu. Atakayeukumbuka mstari huo amewahi kuipanda motokaa barabara ikiwa mbaya. Asiyeukumbuka amezisoma motokaa katika vitabu.

Tena matope yana umri. Tope bichi ni jeusi na hung'aa. Likikauka huwa jepesi wa rangi na halina mng'aro, nalo hupasuka na kubanduka penye bati linalotikisika. Motokaa iliyokwenda siku kadhaa usiku na mchana ina vyote pamoja: vumbi la zamani chini, mrusho wa tope juu yake, na juu kabisa vumbi jipya la barabara iliyokauka. Ndiyo sababu fundi hapaki mara moja. Hupaka tabaka, hungoja, hupangusa kidogo, hupaka nyingine.

Mchanganyiko wenyewe ni rahisi. Wengine hununua unga wa rangi uliotayarishwa, wengine husaga chaki za kuchorea, nao huuchanganya na vanishi isiyong'aa au gundi nyeupe iliyotiwa maji. Mchanganyiko mzito huchotwa kwa mswaki wa zamani, na nywele za mswaki huvutwa kwa kidole ili zirushe matone, kuanzia nyuma ya gurudumu na kuelekea jinsi gurudumu lingerusha. Wengine huchukua udongo halisi, na hapo sheria ya kipimo hurudi tena. Chembe ya mchanga yenye nusu milimita, ikikaa juu ya mfano wa 1 kwa 24, ni jiwe la milimita 12. Kokoto ndogo ya milimita 5 ni jiwe la milimita 120, na motokaa iliyobeba jiwe kama hilo juu ya bampa ingestahili kusimamishwa na polisi. Udongo halisi basi hukaushwa, hutwangwa, kisha huchujwa katika kitambaa chepesi kama soksi za kike, na kile kipitacho tu ndicho kitumikacho. Jambo jingine ni kwamba rangi juu ya kitu kidogo huonekana nzito kuliko ilivyo juu ya kitu kikubwa, kwa hiyo tope la mfano hutiwa weupe kidogo kuliko tope lenyewe.

Hapa ndipo mtu aliyezaliwa katika nchi hii anapokuwa na elimu isiyouzwa dukani. Katika Japani na Ulaya wamo mafundi ambao mikono yao yastaajabisha, nao humaliza motokaa ya Safari kwa tope la rangi moja ya kahawia kutoka bampa la mbele hadi la nyuma, kana kwamba Kenya yote ni shamba moja. Mwanafunzi wa shule yoyote ya Nyeri au Murang'a angewarekebisha. Udongo wa miteremko ya Mlima Kenya na Nyandarua ni mwekundu mzito wenye kuelekea kahawia, nao ukilowa huteleza na kushika kama ngozi ya pili. Katika tambarare za Athi na Kapiti uko udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na wakati wa mvua hujifunga katika magurudumu mpaka gurudumu lisizunguke tena. Huo hauruki kwa matone, hushika kwa mabonge, na mabonge hayo hujaza mahali pote kati ya tairi na bati. Njia ya Voi na Tsavo ina vumbi jekundu la kung'aa kama matofali, lile lile linalowafanya ndovu wa huko waonekane wekundu. Naivasha vumbi lake ni la kijivu cheupe, laini kama unga, kwa maana latokana na majivu ya milima ya moto. Hilo ndilo lililowasumbua madereva Safari iliporudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, baada ya kutokuwamo tangu 2002.

Kwa hiyo matope husema. Mfano wenye mabonge meusi ndani ya magurudumu na vumbi jekundu juu ya paa unamwambia mtazamaji kwamba motokaa hii ilipita mbugani penye maji, kisha ikashika barabara iliyokauka. Na kama motokaa ile haikupita hivyo, mfano umetoa ushahidi wa uongo juu ya watu waliokaa usukanini usiku kucha. Mtu wa makini hutafuta kwanza picha ya motokaa aitakayo, ya mwaka ule ule na ikiwezekana ya siku ile ile, kwa kuwa motokaa ya siku ya kwanza na motokaa ya siku ya mwisho si moja. Huhesabu taa zilizovunjika. Hutazama bampa limepinda upande gani. Mpindo wa bati hufanywa kwa kukwangua plastiki kutoka ndani mpaka iwe nyembamba kama karatasi, kisha kuibonyeza polepole; ni kazi ya kutia jasho, na mara nyingi hupasuka, na mara nyingi huanzwa upya. Wanaochagua Toyota Celica nyeupe za miaka ya 1984 hadi 1986, ambazo zilishinda Safari mara tatu mfululizo, hukuta shida zaidi, maana juu ya rangi nyeupe kila kosa la vumbi huonekana kutoka mlangoni.

Ziko hoja za upande wa pili, nazo si za kupuuzwa. Matope huficha, na fundi mvivu hulijua hilo vizuri. Mshono usiosuguliwa, alama iliyobandikwa mshazari, kioo chenye alama ya gundi, vyote vyaweza kuzikwa chini ya tope. Ndiyo sababu waamuzi wa maonyesho huwa na tabia ya kuangalia kwanza mahali ambapo matope hayafiki: paa, viti, upande wa ndani wa mlango. Kazi ya chini ikiwa nzuri, matope huipa heshima. Ikiwa mbaya, matope hayamdanganyi mtu aliyezoea. Jibu la haki, pengine, ni kwamba motokaa ya Safari ifanywe safi kabisa kwanza, kama inayopanda jukwaa la kuondokea, ionwe na watu, kisha ndipo ichafuliwe.

Kwa malori kanuni ni nyingine kidogo. Lori la mizigo halichafuki kwa siku chache za mashindano. Huchakaa kwa miaka. Kwa hiyo fundi wa lori hushughulika na kukwaruzika zaidi kuliko matope. Rangi huondoka penye ngazi ya kupandia, kwa sababu ya viatu, na penye kingo za sanduku la mizigo, kwa sababu ya minyororo na magunia. Sakafu ya sanduku haina rangi kabisa: ni mbao zilizopauka au bati lililosuguliwa mpaka likang'aa. Chini ya kifuniko cha tangi pana mchirizi wa dizeli, mweusi na wenye kung'aa, ambao vumbi hulishika na kuwa kama lami. Penye kiungo cha trela pana grisi. Kutu hukaa penye maji yasiyotoka, si katikati ya mlango ambapo wanafunzi wa kazi hii hupenda kuiweka. Lori linalobeba saruji halifanani na linalobeba makaa au ndizi, na ajuaye kutofautisha hayo hahitaji kuandika jina la mzigo ubavuni.

Elimu hii ya kutazama haikuanzia katika masanduku ya plastiki. Wavulana wa vijiji vya Kenya wameunda motokaa zao kwa waya, mikebe ya mafuta ya kupikia, vizibo vya chupa na magurudumu yaliyokatwa katika malapa yaliyokwisha, wakiziendesha kwa fimbo ndefu yenye usukani juu. Hawana karatasi ya maelezo wala milimita. Hata hivyo lori la mikebe la mvulana wa miaka kumi mara nyingi huwa na jambo ambalo motokaa ya sanduku haina: magurudumu yake ya mbele hugeuka pamoja usukani unapozungushwa, maana mwenyewe alijilaza chini ya lori la kweli pale sokoni akatazama jinsi vyuma vinavyoshikana. Mvulana huyo akipewa sanduku la vipande baadaye, msasa na rangi atajifunza kwa mwezi mmoja. Aliyeanza na sanduku, naye, yafaa aende akajilaze chini ya lori.

Imebaki habari ya kuhifadhi. Mfano uliokwisha kupakwa matope haupanguswi kwa kitambaa, maana kitambaa kitaondoa vumbi lililowekwa kwa bidii pamoja na lile lililokuja lenyewe. Nalo vumbi la nyumbani si vumbi la Safari: lina nyuzi za nguo na manyoya, na uzi mmoja wa blanketi uliotua juu ya boneti ya 1 kwa 24 ni kamba iliyotupwa juu ya motokaa. Kwa hiyo hufunikwa kwa kisanduku cha kioo au cha plastiki iliyo wazi, mbali na jua la dirishani, ambalo hufifisha rangi nyekundu kabla ya nyingine nyingi. Asiye na kisanduku aweza kuligeuza gilasi kubwa la kuwekea biskuti, kama laingia.